Iridi au Platini: Kuchagua Kampaundi ya Kutoa Mwanga katika Skrini za OLED

Mtu anayetaka kutengeneza tabaka la kutoa mwanga ndani ya skrini ya OLED, awe mwanafunzi wa uzamili anayeandaa pendekezo la utafiti au mhandisi anayepanga manunuzi ya maabara, hukutana mapema na swali moja: atumie kampaundi ya iridi au ya platini? Wapo washindani wengine, nami nitawagusa, lakini metali hizi mbili ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na anayezielewa tofauti zake ataweza kumpima mshindani mwingine yeyote kwa kipimo hicho hicho. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anapoendelea. Kinachoamua ni rangi inayotafutwa: kwa kijani na nyekundu ningechukua iridi bila kusita, kwa buluu ningeanza na platini, na kwa kufundishia ningetumia alumini.

Kwa nini metali nzito

OLED ni tabaka nyembamba za kampaundi za kaboni zilizowekwa kati ya elektrodi mbili. Upande mmoja huingiza elektroni, upande wa pili huziondoa na kuacha nafasi tupu zinazoitwa matundu. Elektroni na tundu zinapokutana juu ya molekuli moja, molekuli hiyo husisimka, kisha hutua kwa kutoa mwanga. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven VanSlyke wa Eastman Kodak walieleza kifaa cha namna hiyo kilichowaka kwa chini ya volti 10, na kilichotoa mwanga wake wa kijani kilikuwa Alq3, yaani atomi moja ya alumini iliyoshikwa na ligandi (molekuli zinazoizunguka na kuishika metali) tatu za hidroksikwinolini. Wakali wa istilahi watakumbusha kwamba Alq3 si kampaundi ya oganometali kwa maana kamili, kwa kuwa alumini yake imeshikwa na oksijeni na nitrojeni bila kaboni hata moja. Wana haki, ila historia ya fani hii haisimuliki bila kuitaja.

Udhaifu wa Alq3 unatokana na hesabu ya spini, sifa ya elektroni inayofanana na kujizungusha. Elektroni na tundu zinapokutana kwa bahati, kuna namna nne za spini zake kuungana; tatu huzaa hali ya tripleti na moja huzaa singleti. Molekuli ya kawaida ya kaboni hutoa mwanga kutoka kwenye singleti tu, hivyo robo tatu ya umeme ulioingia huishia kuwa joto. Metali nzito huondoa kizuizi hicho. Katika atomi yenye kiini kikubwa, mwendo wa elektroni kuzunguka kiini na spini yake hufungamana, singleti na tripleti huchanganyika, na tripleti nayo hupata njia ya kutoa mwanga, ule unaoitwa fosforesensi. Iridi ni elementi ya 77 na platini ni ya 78, kwa hiyo katika uzito hazina la kushindania. Kinachozitenganisha ni umbo.

Mpira na sahani

Iridi yenye chaji ya +3 ina elektroni sita za d na hushikwa pande sita, kwa kawaida na ligandi tatu zenye ncha mbili kila moja. Molekuli inayopatikana imefunikwa pande zote, mfano wa mpira, na jirani hawezi kuifikia metali iliyo ndani. Platini yenye chaji ya +2 ina elektroni nane za d na hushikwa pande nne tu, zote zikiwa katika bapa moja. Juu na chini yake pako wazi, na molekuli nzima ni kama sahani.

Sahani hupangana. Molekuli mbili za platini zikilaliana kwa ukaribu wa kutosha, elektroni zake hugusana kupitia nafasi hiyo ya juu na chini, na mwanga unaotoka huwa wa rangi nyingine: huhamia upande wa nyekundu na kutanuka. Kwa mtengeneza skrini hii ni hasara, kwa sababu kampaundi aliyoinunua kwa ajili ya buluu itaanza kutoa mwanga wa rangi ya chungwa mara tu anapozidisha kiasi chake katika tabaka. Kwa mtengeneza taa ni faida, kwani kampaundi moja ya platini, buluu ikiwa peke yake na chungwa ikiwa imejipanga, inaweza kutoa mwanga mweupe. Njia hiyo ilionyeshwa mapema, mwaka 2002. Kujipanga huko huko ndiko kulikoleta, mwaka 2017, kifaa cha platini kilichotoa mwanga usioonekana kwa macho, wa nanomita 740 hivi, kwa ufanisi wa nje (fungu la elektroni zilizoingia linalotoka nje kama mwanga) wa asilimia 24, kiwango ambacho iridi haijakizoea katika eneo hilo la mawimbi.

Mpira wa iridi nao una usumbufu wake, ambao mnunuzi mgeni hauoni kwenye orodha ya bei. Ligandi tatu zisizo linganifu zinaweza kukaa kwa mipangilio miwili: ule ambao nitrojeni zote tatu ziko upande mmoja, unaoandikwa fac, na ule ambao zimejipanga kuzunguka kiuno cha molekuli, unaoandikwa mer. Kwa Ir(ppy)3, kampaundi ya kijani inayojulikana kuliko zote, fac huwaka vizuri zaidi na ni imara zaidi, ilhali mer hutoa mwanga mpana na dhaifu. Joto la utengenezaji ndilo linaloamua: karibu na digrii 140 mer hupatikana kwa wingi, ukipita 200 mambo hugeukia fac. Anayenunua kampaundi ya iridi bila kuuliza ni mpangilio gani amenunua nusu ya taarifa. Platini iliyoshikwa na ligandi moja yenye ncha nne haina fumbo hili. Ligandi inapoingia, kuna namna moja tu ya kukaa. Gharama yake huja mapema zaidi, katika kuitengeneza ligandi yenyewe, kazi ya hatua nyingi inayohitaji mkono uliozoea.

Muda wa kusubiri mwanga

Kipimo ambacho ningekitazama kwanza katika karatasi yoyote ya vipimo, hata kabla ya ufanisi, ni muda ambao molekuli hukaa imesisimka kabla ya kutoa mwanga wake. Kikundi cha Stephen Forrest na Mark Thompson kilipoonyesha fosforesensi katika OLED mwaka 1998, kilitumia porifirini ya platini iitwayo PtOEP, nyekundu ya nanomita 650, kwa ufanisi wa nje wa asilimia 4. Kampaundi hiyo hukaa imesisimka kwa mikrosekunde 90 hivi. Mwaka uliofuata Ir(ppy)3 iliingia ulingoni na muda wa takriban mikrosekunde 1, ufanisi ukafika asilimia 8. Mwaka 2001 ndugu yake mwenye ligandi moja ya asetilasetoni, (ppy)2Ir(acac), alifikia asilimia 19, na hesabu zikaonyesha kwamba ndani ya kifaa karibu kila eksaitoni, yaani kila elektroni na tundu zilizokutana, ilikuwa inageuka kuwa mwanga. Kilichobaki kilikuwa kimenaswa ndani ya kioo.

Umuhimu wa muda huo ni kwamba molekuli iliyosisimka ni mzigo. Umeme ukiongezwa ili skrini iwake kwa nguvu, zile za mikrosekunde 90 hurundikana, hugongana mbili mbili, moja huzima na nyingine hubeba nishati isiyotoka kama mwanga. Ndiyo sababu ufanisi wa PtOEP ulishuka vibaya mwangaza ulipopandishwa, wakati iridi ilistahimili. Hata hivyo, kuihukumu platini yote kwa PtOEP ni kosa ambalo nimelikuta mara nyingi katika mapendekezo ya wanafunzi. Kampaundi za platini za ligandi yenye ncha nne zilizokuja baadaye, zikiwemo za Jian Li wa Arizona State University na za Che Chi-Ming wa Hong Kong, zimeushusha muda huo hadi mikrosekunde chache. Bado iridi iko mbele kwa kawaida, lakini pengo si lile la mwaka 1999.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho yake hahitaji mtambo wowote. Ndani ya kabati la kufyonza hewa, ayeyushe chembe ya Ir(ppy)3 katika toluini, kiasi cha kuitia umanjano hafifu tu, na aiweke chupa chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 365. Ataona kijani, lakini kijani kilichofifia. Kisha apitishe mapovu ya nitrojeni kwa dakika kumi. Mwanga utapanda taratibu mpaka vidole vinavyoshika chupa vipate rangi yake. Akifungua kizibo na kuitikisa chupa, utazimika tena mbele yake. Oksijeni ya hewani, ambayo katika hali yake ya kawaida ni tripleti, huipora molekuli nishati kabla haijaitoa. Kadiri muda wa kusubiri unavyokuwa mrefu ndivyo mwizi anavyopata nafasi, na kwa sababu hiyo PtOEP, iliyoshindwa katika skrini, imepata kazi nzuri katika vipima oksijeni.

Buluu, mahali vita ilipo

Chukua simu yenye skrini ya OLED na uiangalie kwa lenzi ya kukuza vya kutosha. Katika skrini nyingi utakuta vidoa vya kijani ni vidogo na ni vingi, na vya buluu ni vikubwa kuliko vyote. Buluu imepewa eneo kubwa ili kila sehemu yake ipitishe umeme kidogo zaidi, kwa kuwa ndiyo inayochakaa mapema. Fundi wa simu anayeletewa kioo chenye kivuli cha vibonye vya chini, au cheupe kilichogeuka umanjano, mara nyingi anaona uchakavu huo. Tena kwa miaka mingi skrini za simu zimetumia fosforesensi ya iridi kwa nyekundu na kijani, ilhali buluu imebaki ya fluoresensi, yaani ile inayopoteza tripleti zake.

Sababu inahesabika. Mwanga wa nanomita 460 hubeba nishati ya elektronivolti 2.7, sawa na kilojuli 260 kwa moli. Peke yake haivunji kifungo imara, lakini nishati mbili za namna hiyo zikikutana juu ya molekuli moja hufanya 5.4, kilojuli 520 kwa moli, wakati kifungo kimoja cha kaboni na kaboni huvunjika kwa 350 hivi. Kijani na nyekundu nazo hugongana, lakini akiba yake ni ndogo zaidi na hatari hupungua. Ukiongeza kwamba tripleti hukaa muda mrefu kuliko singleti, utaona kwa nini buluu ya fosforesensi inajichimbia kaburi.

Katika iridi kuna tatizo la pili. Ili mwanga uwe buluu, hali inayoutoa lazima ipandishwe juu, na huko inakaribia hali nyingine, za elektroni za d za metali yenyewe, ambazo hazitoi mwanga na hulegeza kifungo kati ya iridi na nitrojeni. Joto la kawaida linatosha kuisukuma molekuli ikavuka. FIrpic, buluu ya iridi iliyoenea kuliko zote tangu 2001, ina kilele karibu na nanomita 470, nayo kwa kusema kweli ni rangi ya anga kuliko buluu ya skrini. Uchambuzi wa vifaa vilivyochakaa umeonyesha kwamba ligandi yake ya pikolinati hubanduka na florini zake hupotea. Sishauri mtu kuanza utafiti mpya wa uimara kwa FIrpic. Ifae kama kipimo cha kulinganishia, basi. Ligandi za kabini, zinazoishika iridi kwa kaboni badala ya nitrojeni, huzisukuma juu zile hali za d na ndizo zenye matumaini upande huu.

Platini inaikabili buluu kwa silaha nyingine. Ligandi moja ngumu yenye ncha nne huifunga metali kama chombo kilichofungwa gatini kwa kamba nne: ikifyatuka moja, tatu zinazobaki zinakizuia kisichukuliwe na maji, na ile iliyofyatuka hupata nafasi ya kurudi. Ugumu huo una zawadi ya pili. Molekuli isiyopinda inaposisimka hutoa mwanga mwembamba. Kampaundi ya platini ya aina hii, PtON7-dtb, hutoa buluu yenye upana wa nanomita 20 hivi katikati ya kilele, wakati iridi za kawaida hutoa mwanga wenye upana wa nanomita 60 au zaidi. Kwa skrini, wembamba ni rangi safi isiyohitaji kuchujwa, na kila kinachochujwa ni umeme uliotupwa. Mwaka 2022 kifaa cha platini cha aina hii, PtON-TBBI, kiliripotiwa kufanya kazi kwa saa 1,113 kabla mwanga wake haujashuka hadi asilimia 70, kikianzia kandela 1,000 kwa mita ya mraba.

Hapa niweke tahadhari moja, kwa sababu ulinganisho mwingi wa mtandaoni unateleza papo hapo. Saa za uhai hazilinganishiki mpaka mambo matatu yawe sawa: mwangaza wa kuanzia, kiasi cha upungufu kinachohesabiwa kuwa mwisho, na kina cha rangi. Kifaa kilichoanzia kandela 100 kitaonekana kimeishi miaka mbele ya kilichoanzia 1,000. Kilichopimwa hadi asilimia 50 kitaonekana bora kuliko kilichopimwa hadi 95. Na buluu ya anga daima itaishi kuliko buluu iliyokolea. Sokoni kwenyewe njia ya kati ndiyo iliyotangulia: Mei 2025 LG Display ilitangaza paneli yenye buluu za tabaka mbili, ya chini ikiwa ya fluoresensi na ya juu ya fosforesensi, zenye kupunguza matumizi ya umeme kwa asilimia 15 hivi.

Bei, na kinachopotea ukutani

Iridi ni adimu. Dunia nzima huzalisha tani 7 au 8 kwa mwaka, nyingi kutoka Afrika Kusini, katika miamba ile ile ya Bushveld inayochimbwa kwa ajili ya platini. Hakuna mgodi unaofunguliwa kwa ajili ya iridi. Platini hupatikana kwa takriban tani 180. Mwaka 2021 aunsi ya iridi ilipita dola 6,000, na ya platini haikufika robo ya hiyo. Msomaji anaweza kudhani hoja imekwisha hapo.

Haijaisha. Tabaka la kutoa mwanga lina unene wa nanomita 30 hivi, na kampaundi ya metali ni asilimia 5 hadi 10 tu ya tabaka hilo. Kwa mita moja ya mraba hiyo ni chini ya miligramu 4 za kampaundi, na katika Ir(ppy)3 iridi ni asilimia 29 ya uzito, kwa hiyo skrini ya mita nzima ya mraba hubeba takriban miligramu 1 ya metali. Bei ya metali haiumizi skrini. Kinachoumiza ni upotevu: katika mtambo wa ombwe kampaundi hupashwa moto mpaka igeuke mvuke, na sehemu kubwa ya mvuke huo hutua kwenye kuta za mtambo na kwenye barakoa ya metali yenye matundu madogo, na sehemu ndogo ndiyo inayofika kwenye kioo. Kinachoumiza pia ni usafishaji, kwa kuwa masalia madogo ya kloridi yanatosha kufupisha uhai wa kifaa. Maabara ndogo, inayonunua gramu moja kwa mwaka, italipia zaidi kazi ya kemia iliyofanyika kuliko metali, na hapo platini yenye ligandi ngumu ya hatua nyingi inaweza kuwa ghali kuliko iridi ya kijani iliyokwisha zoeleka.

Washindani wa pembeni

Shaba inavutia, nami nakiri naionea upendeleo, pengine kwa kuwa inachimbwa Kolwezi na Likasi, kusini mwa Kongo, ambako maelekezo ya kazi hutolewa kwa Kiswahili. Shaba yenye chaji ya +1 imejaza elektroni zake zote kumi za d, hivyo zile hali za d zinazoisumbua iridi hazipo kabisa, na nyingi kati ya kampaundi zake huzirudisha tripleti kwenye singleti kwa msaada wa joto la kawaida. Tatizo ni kwamba inaposisimka hutaka kubadili umbo, kutoka piramidi kuelekea bapa, na kujikunja huko hupanua mwanga na kupoteza nishati. Nyingi pia hazivumilii kupashwa moto katika ombwe. Molekuli zisizo na metali kabisa, zinazotumia ujanja huo huo wa joto, zilipata nguvu baada ya kazi ya Chihaya Adachi na wenzake wa Kyushu mwaka 2012. Anayetaka kuziingia aziingie, ila afike akijua kwamba muda wake wa kusubiri mara nyingi ni mrefu kuliko wa iridi.

Ningenunua nini

Kwa darasa, Alq3: ni rahisi, hustahimili hewa ikiwa unga, na kifaa chake kikiwaka kijani, mwanafunzi ataelewa fani nzima ilipoanzia. Kwa skrini ya kijani, fac-Ir(ppy)3 ikiwa inatafutwa kampaundi iliyopimwa na kila mtu, au (ppy)2Ir(acac) ikiwa kinachotakiwa ni mwanga mwingi zaidi kutoka nje, kwa sababu hii ya pili hulala vizuri zaidi sambamba na kioo na kuelekeza mwanga mbele, wakati ya kwanza hukaa ovyo. Kwa nyekundu, Ir(piq)3 ya nanomita 620. Kwa mwanga usioonekana kwa macho na kwa taa nyeupe ya kampaundi moja, platini bapa, na ijipange itakavyo.

Kwa buluu ningegawa fedha. Theluthi mbili ningeziweka kwenye platini yenye ligandi ya ncha nne, nikianza na kiasi kidogo katika tabaka na kukipandisha hatua kwa hatua huku nikiitazama rangi, kwa kuwa siku chungwa litakapojitokeza nitajua sahani zimeanza kulaliana. Theluthi iliyobaki ningeipeleka kwenye iridi ya kabini. Na kabla ya kupasha chochote moto katika ombwe, ningeyeyusha chembe yake katika toluini, nikapitisha nitrojeni na kuzima taa za chumba.